Mwongozo kamili: Jumatano mpaka Jumamosi jangwani Oman, ngome, mahame na milima

Watu wengi wakija Maskati, wawe wamekuja kikazi au kutembelea ndugu, wanaishia Mutrah, msikiti mkubwa, mall na ufukweni, alafu wanarudi wanasema Oman nishaimaliza. Bado kabisa. Oman yenyewe iko ndani huko nyuma ya milima, kwenye mchanga na miji ya udongo, na kwa sisi tunaoongea Kiswahili huko ndo kuna utamu wake maana ndo walikotoka mababu wa watu wengi tunaowajua Unguja, Pemba na Mombasa. Hapa nakuelekeza mzunguko mmoja wa siku nne unaoanzia na kuishia Maskati, kwa gari, unaona majengo ya kale na unatembea kwa miguu mchangani na mlimani.

Jambo la kushika kabla ya yote: jangwani hupangi safari kwa kilomita, unapanga kwa jua. Barabara za Oman ni nzuri mno, kwa hiyo umbali sio tatizo, kitakachokumaliza ni kutembea saa saba mchana. Asubuhi na mapema ni ya miguu, mchana kaa ndani ya kuta nene au kivulini, alasiri rudi nje.

Chagua mwezi, alafu chagua siku

Mei mpaka Septemba sahau. Bara joto linapita nyuzi 45 na hakuna sifa yoyote ya kwenda kupanda chuguu la mchanga wakati huo. Msimu ni kuanzia Oktoba katikati mpaka Machi. Disemba na Januari mchana ni raha tupu lakini usiku jangwani ni baridi na juu ya mlima Jebel Shams inashuka karibu na sifuri, sasa wewe uliyezoea Dar usije na fulana tu. Ramadhani inawezekana kusafiri ila hoteli nyingi za chakula zimefungwa mchana na huruhusiwi kula wala kunywa hadharani, na kutembea kwa miguu bila kunywa maji sikushauri.

Sasa siku. Hapa ndo watu wanakosea, wanatoka Ijumaa mchana kwa vile wikendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi na wanakuta kila kitu kimeshapita. Bara ya Oman bado ina miji yenye siku yake ya soko: Ibra Jumatano ni soko la akina mama, Sinaw Alhamisi mabedui wanaleta ngamia na mbuzi, Nizwa Ijumaa asubuhi mnada wa mifugo. Na bahati nzuri miji hii mitatu imekaa kwenye duara moja. Kwa hiyo ukiomba ruhusa kazini siku mbili tu, Jumatano na Alhamisi, umeyapata masoko yote, umelala mchangani, umepanda mlima, na Jumapili uko ofisini.

Gari na upepo wa tairi

Ngome na miji yote unafika na gari la saluni la kawaida. Unachohitaji fowili (gari la 4x4) ni vitu viwili, mchanga wa Sharqiya, yaani jangwa utakalolala Jumatano, na kipande cha changarawe kuelekea juu Jebel Shams, na ukikodi gari soma mkataba vizuri maana kampuni nyingi bima yao haifanyi kazi nje ya lami. Huna fowili? Kambi za mchangani nyingi zinakuja kukuchukua mjini Bidiyah, unaacha saluni yako hapo, unalipa kidogo, na kusema kweli kama hujawahi kuendesha kwenye mchanga hiyo ndo njia ya akili.

Ukiamua kuendesha mwenyewe, basi nenda magari mawili. Moja likikwama lingine linavuta. Kabla ya kuingia mchangani unapunguza upepo, tairi lililokuwa na psi 35 ulishushe mpaka 15 hadi 18 hivi, linapanuka linakanyaga eneo kubwa zaidi na gari haizami. Weka fowili kabla hujaingia, usisubiri mpaka umekwama. Endesha mwendo wa taratibu usiokatika, usikanyage breki ghafla, achia mafuta tu gari isimame yenyewe, na ukitaka kusimama simama penye mteremko ili kuondoka iwe rahisi. Usikate chuguu kwa ubavu, gari inabiringika, panda wima na ushuke wima. Na ukisikia tairi zinazunguka bila gari kusogea ACHA MAFUTA hapo hapo, maana kila sekunde unayoongeza unajichimbia kaburi, shuka, fukua mchanga mbele na nyuma ya kila tairi, rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe. Ukitoka, Bidiyah kuna mafundi tairi wanakujazia upepo, usiingie barabara kuu na tairi laini, litapasuka.

Vya kubeba

Maji lita tano kwa mtu kwa siku, na akiba nyingine kwenye gari ambayo haiguswi. Viatu vilivyofunika kisigino vyenye soli ngumu, ndara ni za kambini tu. Kofia pana au kilemba, koti, tochi ya kichwani, chumvi ya kuchanganya na maji au pakiti za ORS, powabenki, koleo dogo, kamba ya kuvutia gari, na ramani uliyoidaunilodi kabisa kwenye simu kwa sababu netiweki milimani inakatika. Riyali za mkononi kwa ajili ya sokoni. Namba ya dharura ni 9999. Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, mwanamke abebe mtandio, hii sio Dubai, na huku bara watu ni wastaarabu mno, hawatakusema lakini wataona. Droni iache nyumbani, inataka kibali.

Jumatano: Ibra, Al Mudayrib, mchangani

Toka Maskati alfajiri baada ya swala. Ibra ni kama kilomita 150, unafika soko limechangamka. Soko hili ni la wanawake, wao wauzaji wao wanunuzi, vitambaa, ubani, hina, manukato, urembo wa fedha. Dada na mama zetu ingieni mjimwage, bei zinapungua. Wanaume tafuteni mkahawa mnywe chai ya maziwa mtulie, na yeyote asipige picha ya mtu bila kuomba, akina mama wa Sharqiya wengi wanavaa barakoa na hawapendi kamera.

Kutoka hapo nenda mtaa wa kale wa Al Minzfah. Tembea taratibu, hakuna haraka. Ni nyumba za ghorofa za matajiri, sasa nyingi ni mahame, matao yamebaki yamesimama peke yake, na pesa iliyozijenga ilitoka kwetu, karafuu, pembe za ndovu na, tuseme bila kuficha, watumwa. Sharqiya hii, Ibra na vijiji vyake, ndo kitovu cha Waharthi, na Wabarwani walitoka pande hizi hizi, majina ambayo ukiyataja Unguja kila mtu anajua mtaa. Usipande kwenye sakafu za juu, boriti zimeoza, angalia kwa chini.

Chakula cha mchana Ibra, wali na nyama au samaki, pumzika mpaka jua lipungue makali. Alasiri songa Al Mudayrib, kijiji kidogo kimezungukwa na vilima vyenye minara ya ulinzi. Panda mmoja, ni dakika chache tu na njia ni mawe mawe, juu unaona kijiji chote, mitende na mwanzo wa jangwa. Alafu shuka uangalie milango. Wewe uliyekulia pwani utasimama, maana ni milango ile ile ya nakshi, maua yanayopanda pembeni, maandishi juu ya kizingiti. Ndo hapo tulipokuwa tumesimama mimi na mwenzangu tunabishana kwa Kiswahili kama mti ule ni msaji, mzee mmoja wa makamo ya babu zetu amekaa barazani na fimbo yake akatuuliza, "Nyinyi watu wa wapi?" Tukamwamkia, shikamoo babu, akaitikia marahaba kama hajawahi kutoka Unguja. Nikamwambia mimi wa Tanga, huyu wa Unguja. "Unguja mtaa gani?" Kikwajuni, babu. "Aa, mimi Malindi." Basi ikawa kahawa na tende mpaka jua likaanza kushuka. Waliorudi ni wengi, wapo waliotoka baada ya mapinduzi ya 1964 na wapo walioitikia wito wa Sultan Qaboos aliposhika nchi 1970 akaita Waomani walioko nje warudi, kwa hiyo huku usishangae kusikia Kiswahili safi kuliko cha kwako. Adabu ya kahawa: pokea kwa mkono wa kulia, ukitosheka tikisa kikombe kidogo, la sivyo atamimina tu.

Usikae sana lakini, maana Bidiyah ni mbele kidogo na unataka kuingia mchangani kukiwa na mwanga. Majira ya baridi jua linazama kama saa kumi na moja na nusu, uwe kambini saa kumi na nusu. Mchanga wa Sharqiya, ambao wengi bado wanauita Wahiba kwa jina la kabila la mabedui wake, una kama kilomita 180 kutoka kaskazini hadi kusini na upana wa 80, na machuguu mengine yanafika mita 100. Kitu cha kujua ni kwamba upande huu wa kaskazini machuguu yamepangika kwa mistari mirefu ya kaskazini kusini na katikati yake kuna njia pana tambarare. Ukifuata njia hupotei. Wanaopotea ni wanaokata msitari kwenda njia ya pili alafu ya tatu, wakigeuka kila kitu kinafanana.

Kupanda chuguu: usipande kwenye uso laini uliolala upande wa kivuli, utapiga hatua mbili urudi moja na nusu. Tafuta ukingo, pale juu kabisa panapokata kama kisu, tembea juu yake, mchanga hapo umeshikamana. Jioni panda kuona jua likizama, ila la maana zaidi ni alfajiri ya kesho yake.

Alhamisi: chuguu alfajiri, Sinaw, kulala Nizwa

Amka kabla ya jua. Kung'uta viatu kwanza, nge wanapenda viatu. Mchanga wa alfajiri una unyevu wa umande, ni mgumu mguuni na una habari zote za usiku: alama za mende, za panya, mkia wa mjusi, pengine mawimbi ya nyoka amepita kwa ubavu. Tembea saa moja ukifuata njia tambarare upande mmoja wa msitari, vuka ukingo, rudi upande wa pili, jua likishaanza kuuma uwe unakunywa chai.

Kutoka hapo Sinaw, ufike kabla ya saa tatu unusu soko halijapoa. Ngamia wanapakiwa kwenye pikapu kwa krini, ngamia anapiga kelele miguu imefungwa, mwenye naye hajali anaongea na simu. Ni soko la kazi, sio la watalii, kaa pembeni usizuie njia. Wanaotaka khanjari au mapambo ya zamani ya kibedui, hapa bei ni nzuri kuliko soko la Mutrah, na ukiweza Kiarabu kidogo au Kiswahili ukabahatisha mwenye nacho, nzuri zaidi.

Mchana endesha Nizwa, lala. Kweli, lala. Jioni tembea kando ya falaji ya Daris. Falaji ni mfereji unaochukua maji chini ya ardhi na kuyaleta mjini kwa mteremko peke yake, bila pampu, na watu wanagawana maji kwa zamu za muda, zamani mchana walipima kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Falaji tano za Oman ziliingia urithi wa dunia wa UNESCO 2006 na Daris ni mojawapo. Watoto wanaogelea humo, wewe chovya miguu.

Ijumaa: Nizwa, Jabrin, Bahla

Mnada wa mifugo unaanza mapema, saa moja asubuhi uwe umeshasimama. Wauzaji wanazunguka duara na mbuzi, wanunuzi wamekaa katikati na pembeni, bei zinatajwa kwa sauti, saa tatu mambo yanakwisha. Alafu ingia ngome, ila siku ya Ijumaa saa zinabadilika kwa ajili ya swala kwa hiyo ulizia jana yake. Imam Sultan bin Saif al-Ya'rubi, mtawala wa Oman wakati huo, ndo aliyeijenga katikati ya karne ya 17, ilichukua kama miaka 12, na mnara wake wa duara ni mnene kupita kiasi, chini umejazwa mawe na udongo uhimili mtikisiko wa mizinga. Panda ngazi zake taratibu uangalie juu ya kila mlango: kuna tundu. Adui akifika hapo anamwagiwa asali ya tende inayochemka. Sisi tunakulia na mkate.

Mji huu na ngome hii ni wa ukoo uleule uliotufikia sisi. Jabrin, mwendo wa chini ya saa moja, ni kasri ya mtoto wa huyo Imam Sultan, Imam Bil'arab bin Sultan, aliyependa elimu na mashairi. Akaja kugombana na ndugu yake Saif, akazingirwa humo humo Jabrin na akafia humo 1692, kaburi lake liko chini ya jengo. Yule Saif akachukua uimamu, na ndo huyo huyo ambaye majeshi yake yaliitwaa Fort Jesus Mombasa kutoka kwa Wareno mwaka 1698. Mimi Jabrin naipenda kuliko Nizwa, dari zake zimechorwa maua kwa rangi ambazo bado zinaonekana, na chini kuna ghala la tende lenye sakafu ya matuta, magunia yalipangwa moja juu ya lingine, uzito unakamua asali inatiririka kwenye mifereji mpaka kwenye chombo. Gusa yale matuta, yamelainika. Mchana wa jua kali hapa ndo pa kukaa, kuta ni nene na upepo unapita.

Bahla iko jirani, iache mpaka jua lielekee kuzama ili udongo wake uwe mwekundu. Iliingia urithi wa dunia 1987, mwaka uliofuata ikaandikwa kwenye orodha ya zilizo hatarini kwa sababu udongo ulikuwa unamomonyoka, ikakarabatiwa mpaka ikatolewa 2004. Ukuta wa mji unazunguka kama kilomita 12. Ni ya enzi za Wanabahani, ukoo wa watawala wa zamani, na wale masultani wa Pate kule Lamu, kwa mapokeo yao wenyewe, ni Wanabahani wa huku. Bahla pia inasifika Oman nzima kwa uchawi na majini, muulize yeyote Maskati atakupa hadithi. Mtu wa Pemba ataona kama yuko nyumbani.

Usiku lala Al Hamra au Misfat al Abriyeen, usipande Jebel Shams gizani, kona ni nyingi na mbuzi wamelala barabarani.

Jumamosi: Jebel Shams

Ondoka saa kumi na moja unusu alfajiri. Unapita Ghul, unapanda, kuna kipande cha changarawe, nenda gia ndogo, na mwisho unafika Al Khitaym ambapo njia inaanza. Kilele cha Jebel Shams kinafika kama mita 3,000 lakini huendi kileleni, kuna eneo la jeshi juu na njia yake ni ya siku nzima. Unachofuata ni njia ya W6, inayopita kwenye ubavu wa bonde lenye kina cha kama kilomita moja, mpaka kijiji kilichohamwa cha As Sab. Alama ni mistari ya rangi nyeupe, njano na nyekundu iliyopakwa kwenye mawe, ukitembea dakika tano hujaona alama, rudi.

Njia sio ngumu kwa pumzi, inashuka kidogo kwenda na kupanda kidogo kurudi, masaa mawili kwenda na mawili kurudi na picha zako. Ugumu wake ni kichwani. Upana unatosha watu wawili lakini kulia kwako hakuna kitu, hakuna uzio, kwa hiyo mwenye kizunguzungu cha kimo akae nyumbani, na mtoto mdogo usimwachie mkono hata kidogo. Mbuzi wakija wewe simama upande wa ukuta wa mwamba, waache wao wapite nje. Beba lita mbili na nusu kila mtu, hakuna duka, na maji ya birika la huko usinywe. As Sab utakuta nyumba zimejengwa chini ya mwamba uliobenuka kama paa, kuta nusu, matuta ya mashamba waliyolima watu ngano pembeni ya shimo. Kabla ya saa tano uwe umerudi kwenye gari. Akina mama na watoto wanauza bangili na mazulia ya sufu pale mwanzo wa njia, nunua hata kimoja.

Mvua, na siku ya ziada

Hili sitaki ulipite. Ukiona wingu zito juu ya milima, hata kama wewe uko kwenye jua kavu, usilale wala kuegesha ndani ya wadi (bonde la mto mkavu), na barabara ikiwa imekatwa na maji usivuke. Maji yanatoka mbali, yanafika ghafla yamebeba mawe, na kila mwaka yanachukua magari. Zaidi ya hatari, kuvuka wadi inayotiririka ni kosa kisheria, unashitakiwa. Subiri, maji hushuka baada ya masaa machache.

Ukiwa na siku ya ziada, kuna njia mbili. Wanaotaka maji watoke Bidiyah Alhamisi waende Wadi Bani Khalid, mabwawa ya kijani kati ya miamba, waogelee na fulana na kaptula ndefu, alafu watembee juu mpaka pango la Muqal kwa tochi, ila hapo soko la Sinaw utalikosa. Wanaotaka ya kale zaidi watoke Bahla waende Al Ayn, makaburi ya mawe kama mizinga ya nyuki yaliyopangwa msitari mmoja kwenye kilima, ya milenia ya tatu kabla ya Kristo, na nyuma yake kuna Jebel Misht limesimama kama kitana. Ni kutembea dakika kumi tu kutoka barabarani. Fika saa kumi jioni, usikanyage wala kuokota mawe, na jaza mafuta Bahla kabla hujatoka, sheli huko ni chache.